Jicho la Aliyekwishalipa

Hivi mtu akishatoa pesa mfukoni kununua kitu, bado anaweza kusema kweli juu ya kitu hicho? Swali hili linanisumbua tangu nilipoanza kusoma habari za ugomvi mmoja wa zamani, wa huko Ulaya na Marekani, baina ya vijana waliokuwa na kompyuta ya Atari ST na wale waliokuwa na Commodore Amiga. Usicheke, ndugu msomaji. Walitukanana karibu miaka kumi, eti ipi ni bora kwa muziki na ipi kwa picha. Ukiuchungulia vizuri ugomvi ule utaona kompyuta zilikuwa kisingizio tu.

Mashine zote mbili zilitoka mwaka 1985, na ubongo wao ulikuwa mmoja: chipu ya Motorola 68000. Tofauti ilikuwa katika vilivyouzunguka ubongo huo. Atari 520ST iliuzwa Marekani kwa dola 799 pamoja na skrini yake ya nyeusi na nyeupe. Amiga 1000 ilikuwa dola 1,295, na skrini unanunua mbali. Lakini Amiga, wee! Rangi zake ilizichota katika 4,096, mwenzake katika 512. Ilikuwa na chipu maalumu za picha na sauti, ikatoa sauti nne kwa mpigo, tena sauti za kurekodiwa: ukitaka ngoma inalia ngoma, ukitaka mbwa anabweka mbwa. Chipu ya sauti ya Atari ilikuwa na sauti tatu za kulia tii-tii kama saa ya kuamshia. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo, Amiga ilipozinduliwa Lincoln Center jijini New York, waliitwa mchoraji Andy Warhol na mwimbaji Debbie Harry. Picha ya bibie ikawekwa kwenye skrini, Warhol akaimwagia rangi mbele ya wageni. Baada ya sherehe kama ile, nani angebaki na Atari?

Wanamuziki walibaki. Atari ilikuja na matundu mawili ya MIDI, yaani ule utaratibu ambao watengeneza ala waliafikiana mwaka 1983 ili vinanda vya umeme na mashine za ngoma viweze kusemezana. Kwenye Amiga, kijisanduku cha kazi hiyo unakinunua kando. Kwa hiyo Atari haikuwa na haja ya kuimba yenyewe. Iliwaamrisha wengine waimbe, na iliwashika kwenye mapigo barabara. Mwaka 1989 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ikaitengenezea programu ya Cubase, na ile skrini ya nyeusi na nyeupe iliyodharauliwa ikawa neema, maana maandishi yake yalitulia na macho hayakuchoka. Norman Cook, anayejulikana kama Fatboy Slim, aliendelea kutengeneza muziki kwa Atari miaka mingi baada ya kampuni kuacha kuiuza.

Basi majarida ya wakati ule yalipenda kuchora jedwali. Rangi: Amiga. Sauti: Amiga. MIDI: Atari. Bei: Atari. Mimi jedwali la namna ile silipendi, na sababu si kwamba lina uongo. Kila mstari ni kweli, ila limeipima mashine kana kwamba inakaa peke yake hewani, haina mwenyewe. Tundu la MIDI bila kinanda ni sawa na ufunguo wa nyumba ambayo hujaijenga. Kijana mwenye vinanda viwili na mashine ya ngoma, Atari ilimfanya mkuu wa bendi. Kijana asiye na kitu aliletewa tii-tii.

Na huyo asiye na kitu ndiye anayenivutia mimi. Mwaka 1987 ilitoka Amiga 500, nafuu kuliko ile ya kwanza, na kwa kijisanduku kingine kidogo ungeiunganisha na televisheni ya sebuleni. Mwaka huohuo Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iitwayo Ultimate Soundtracker. Muziki ndani yake haukuandikwa kwa noti za darasani. Ulishuka kama orodha ya duka, kutoka juu kwenda chini, katika safu nne, kila mstari ukiita kipande cha sauti kilichorekodiwa. Safu nne tu. Ukitaka kordi ya noti tatu na ngoma na besi, umeshapita kiasi, inabidi ufanye ujanja: uirekodi kordi nzima kama kipande kimoja, uipige kwa kidole kimoja. Waliokuja baadaye walitengeneza mitindo mizima ya muziki wa dansi kwa ujanja huo. Calvin Harris alitumia Amiga kutengeneza albamu yake ya mwaka 2007, wakati mashine yenyewe imekwisha kuwa kikongwe.

Tena wimbo wa namna ile ulibeba sauti zake zote ndani ya faili moja. Ukipewa disketi na mwenzako unaufungua, unaona kila pigo limekaa wapi, unachomoa ngoma yake unaitia kwenye wimbo wako. Wizi? Pengine. Lakini ndiyo shule waliyosoma watoto ambao hakuna mwalimu wa muziki aliyewahi kuwagusa vidole.

Sasa turudi kwenye matusi. Anayejua utani wa Simba na Yanga atasema ni ushabiki tu, damu ya vijana. Lakini Simba na Yanga angalau kila mmoja anajua kwao. Hawa hata kwao hapakueleweka. Jack Tramiel, aliyeianzisha Commodore, aliondoka Januari 1984, na mwaka huohuo akanunua kutoka Warner kitengo cha kompyuta cha Atari, ndiko ST ikazaliwa. Na Jay Miner, baba wa Amiga, ndiye aliyesanifu chipu za mashine za Atari miaka ya sabini. Kampuni aliyohamia ikanunuliwa na Commodore. Kumbe kijana aliyeapa kwa jina la Atari alikuwa anamtetea mzee wa Commodore, na wa Commodore alikuwa anaitetea kazi ya mtu wa Atari! Walihamiana nyumba, mashabiki wakabaki wanagombea vibao vya mlangoni.

Ndiyo maana nasema ulikuwa woga. Mzee wako ametoa pesa mara moja, na hatatoa tena. Kesho mwenzako anakuonyesha rangi ambazo mashine yako haizijui. Ukikubali kwamba ni nzuri, umekubali kwamba pesa ya mzee imepotea na kwamba wewe utabaki nyuma. Ni rahisi zaidi kusema rangi ni za watoto wa michezo. Siuiti uongo, kwa sababu msemaji mwenyewe anaamini.

Atatokea mwenye hekima aseme dawa ni kuamua kwa utulivu kabla ya kulipa. Vizuri, lakini kabla ya kulipa unakuwa hujajua unataka nini. Aliyepata Atari alijifunza kupanga ala. Aliyepata Amiga alijifunza kukata na kubandika. Baada ya miaka mitatu kila mmoja ana masikio mengine kabisa, na ni kwa masikio hayo anahukumu. Hakimu ametengenezwa na mshitakiwa. Sasa hukumu tutaipata wapi? Commodore yenyewe ilianguka Aprili 1994, na Atari ilikuwa imekwisha kuacha kutengeneza ST, lakini masikio yale yalibaki vichwani mwa watu.

Hata hivyo sikubali kwamba yote ni sawa tu. Lipo swali moja ambalo mtu anaweza kulijibu kabla macho hayajapofuka: nyumbani nina nini kingine? Mshikaji wangu mmoja amejinyima muda mrefu akanunua laptopu ya mtumba, anataka kutengeneza nyimbo. Akanijia na ugomvi uleule katika nguo mpya: FL Studio au Cubase? (Cubase ileile iliyozaliwa ndani ya Atari.) Alishasoma mitandaoni matusi ya kutosha pande zote mbili. Nikamuuliza una kinanda? Hana. Maiki? Hana. Nyumbani nani anajua muziki? Akafikiri kidogo, akasema dada yake anaimba kwaya, sauti ya pili. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza mambo ya maana, na maiki ikapanda juu ya orodha.

Alipokuwa anaondoka akaniuliza, kwa utani, je, mimi ningenunua ipi enzi zile. Atari, nikamjibu bila kufikiri. Ile skrini ya nyeusi na nyeupe inafaa kuandikia riwaya, na bei ni nafuu. Wenye Amiga ningewatukana kila Jumapili.