Kimya cha Mnunuzi

Watu wamezoea kumchunga muuzaji. Sheria, mahubiri na masimulizi ya wazee yote yamemwandama yeye: apunjaye mizani, atiaye maji katika maziwa, afichaye ufa chini ya rangi. Mnunuzi hupita katikati ya soko kama mtu asiye na hatia, kwa kuwa yeye ndiye atoaye fedha, na atoaye hudhaniwa kuwa hawezi kudhulumu. Lakini iko hali moja ambayo mnunuzi ndiye mwenye nguvu, nayo ni pale aijuapo thamani ya kitu ambayo mwenye nacho haijui. Je, anayo haki ya kunyamaza?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya shamba, juu ya lulu, au juu ya mlango wa nakshi uliong'olewa katika nyumba ya kale. Mimi nataka kuliuliza juu ya kitu kidogo zaidi: kipuri cha pikipiki. Mlango wa nakshi una uzuri unaomwonya hata asiyejua, lakini kipuri cha pikipiki ya zamani hakina uzuri wa kumwonya mtu. Ni kipande cha chuma chenye masizi na mchanga, na thamani yake yote imo katika kichwa cha mtu mmoja anayekitafuta. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Yamkini hawakuwahi kutafuta pampu ya oili.

Tuchukue mtu mmoja wa Likoni, tumpe katika fikira pikipiki ya Kijapani aina ya Suzuki T20. Kampuni ya Suzuki ilianza mwaka 1909 katika mji wa Hamamatsu, si kwa pikipiki bali kwa mitambo ya kufumia nguo. T20 ilitokea mwaka 1965, na Waingereza waliiita Super Six kwa ajili ya gia zake sita, ambazo katika pikipiki za barabarani za siku zile zilikuwa jambo la nadra. Injini yake ni ya mipigo miwili, yenye silinda mbili na ukubwa wa cc 247. Katika injini nyingi za namna hiyo mpandaji alipaswa kuchanganya oili na petroli kwa mkono wake mwenyewe. T20 ilipewa pampu ndogo iliyopeleka oili kwenye beringi za injini na kwenye kuta za silinda. Pampu hiyo ikifa, chuma husagana na chuma, na pistoni hushikamana na silinda, mara nyingi pikipiki ikiwa mbioni.

Mtu wetu hawezi kwenda dukani kuinunua nyingine. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki zisizozidi cc 250, na tangu hapo barabara za Likoni, Kisauni na Changamwe zimejaa bodaboda za Kihindi na za Kichina, ambazo vipuri vyake hutundikwa madukani kama mikungu ya ndizi. Kijana wa bodaboda akikatikiwa na waya wa klachi asubuhi, adhuhuri yuko kazini. Mwenye T20 huvuka kwa feri, akapita kisiwani, akatoka Makupa hadi Changamwe, akarudi mikono mitupu. Kesho yake akaelekea Kisauni. Mafundi si kwamba hawamsaidii. Mkereza vyuma humchongea bushi na pini, na mwingine humkatia gasketi kwa mkasi. Ila pampu yenye vijia vyembamba vya oili haichongwi kwa kukisia. Na upepo wa chumvi haumngojei mtu.

Hata hivyo, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Siku moja, katika yadi ya vyuma chakavu huko Changamwe, chini ya rundo la mabati na rimu zilizopinda, anaiona pampu ileile, ingali imeshikana na kipande cha injini. Mwenye yadi anavitupa vyote juu ya mizani. Bei ni ya kilo.

Mtetezi wa kimya ana hoja nzuri, wala si haki kuzidharau. Atasema kwamba mtu wetu ametumia miaka kusoma michoro, kulinganisha namba za vipuri na kuwauliza mafundi wazee. Maarifa hayo ni jasho lake, na mtu halazimiki kugawa jasho lake bure. Mvuvi hatangazi mahali palipo na samaki. Tena mwenye yadi ametaja bei mwenyewe, na bei hiyo atalipwa kamili. Lau mnunuzi huyu asingepita, pampu ingeingia tanurini ikayeyuka pamoja na sufuria.

Hoja hizi ziliwahi kufika mahakamani. Mwezi wa Februari mwaka 1815, mjini New Orleans, mfanyabiashara Hector Organ alipata habari mapema kwamba vita baina ya Marekani na Uingereza vimekoma kwa mkataba. Vita hivyo vilikuwa vimeifunga bahari na kuiangusha bei ya tumbaku. Akaenda kwa kampuni ya Laidlaw akanunua tumbaku kwa wingi, na alipoulizwa kama kuna habari yoyote iwezayo kuipandisha bei, hakuitoa siri yake. Habari zilipoenea, bei ilipanda kwa asilimia 30 hadi 50. Shauri lilifika katika mahakama ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 1817 Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba mnunuzi hafungwi kueleza ajuayo, ilimradi kila upande ujihadhari usiseme wala kutenda jambo la kumhadaa mwenzake.

Pwani yetu imelelewa na mafundisho mengine pia. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim limo katazo la kuwatokea njiani wenye misafara ya bidhaa na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni. Na katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akiisha kufika sokoni ana hiari ya kuyavunja mapatano. Tazama, msomaji, jinsi katazo hili lilivyo na hekima. Mnunuzi huyo huenda hakusema uongo hata neno moja. Kosa lake ni kuwahi: amemkuta mtu ambaye hajapata nafasi ya kujua, akaifunga biashara kabla nafasi hiyo haijaja.

Kwa kipimo hicho, mwenye yadi ya Changamwe hana malalamiko makubwa. Yeye tayari yumo sokoni. Vyuma ndiyo kazi yake. Ana leseni, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 yamtaka aweke kumbukumbu za biashara yake. Ameamua kuuza kwa kilo ili asihitaji kukijua kila kipande, na uamuzi huo humpa faida siku nyingi na hasara siku chache. Mbele yake mnunuzi aweza kunyamaza. Asichoweza ni kubuni, kama vile kusema kwamba anataka kizito cha kuzuilia mlango, kwa maana hapo ametoka katika kimya na kuingia katika hadaa.

Lakini badilisha mahali. Pampu haiko yadini. Imo ndani ya T20 ya pili, iliyoegemea ukuta wa nyumba moja huko Kisauni. Mwenyewe amefariki. Mjane wake anataka mahali pa kufugia kuku, naye anamwambia mgeni, "Mwanangu, ichukue tu, nipe chochote." Neno hilo "chochote" si bei. Ni amana. Mama huyu ni msafiri ambaye hajafika sokoni, na huenda hajui kwamba soko lenyewe lipo. Pampu ni ileile, mnunuzi ni yuleyule na kimya ni kilekile, lakini hapa kimya hicho kinamnyang'anya mtu.

Nami naona uhaba wa kitu, ambao wengi huutaja kama udhuru, ndio unaolifanya kosa kuwa zito. Kama ingekuwa bodaboda ya kawaida, mtoto wa jirani angemwambia mama huyo bei yake kabla ya magharibi. Kwa kuwa ni T20, yamkini katika Mombasa nzima hakuna mwingine wa kumwambia ila yule aliyesimama mbele yake na fedha mkononi. Ajuaye peke yake amekuwa shahidi wa pekee, na shahidi wa pekee akinyamaza, haki haina mlango mwingine wa kupitia.

Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu, anamtaja Mrumi aitwaye Scaevola aliyetaka kununua shamba. Aliomba atajiwe bei moja ya mwisho. Alipotajiwa, akasema kwamba yeye analiona shamba hilo kuwa na thamani zaidi, akaongeza sarafu 100,000. Cicero anaeleza kwamba watu walikubali kuwa hicho ni kitendo cha mtu mwema, lakini si cha mtu mwenye akili. Wenye pikipiki za kale wangecheka pamoja na watu hao. Na ni hao hao wanaolalamika kwa uchungu juu ya muuzaji anayepandisha bei mara kumi akiisha kunusa haja yao. Wanataka ujinga wa muuzaji uwe halali kwao, na haja yao isiwe halali kwa muuzaji.

Simtaki mtu wa Likoni ajikadirie mwenyewe fungu la kuongeza kama Scaevola, kwa sababu hilo lamfanya kuwa hakimu wa bei kwa niaba ya mama. Inatosha amwambie ukweli: kwamba pikipiki hii ni adimu, kwamba ameitafuta kwa miaka, na kwamba wako watu ng'ambo wanaonunua vipuri vyake kimoja kimoja kwa fedha nyingi. Mama akiisha kusikia, huenda akapunguza kwa ajili ya uaminifu huo. Huenda pia akaomba muda amwite mwanawe, na mwana akataja bei ambayo mtu wetu hawezi kuilipa. Hapo atavuka daraja la Nyali na kupanda feri bila pampu, na T20 yake itakaa mwaka mwingine chini ya turubai, ikila chumvi. Hiyo ni gharama kubwa, nami sioni njia ya kuipunguza.