Mlango wa Biashara Haukuwekwa Kusomwa Tu

 

Ndugu zetu Waislamu, sisi wa darasa hili la Kakamega tumeusoma mlango wa biashara katika vitabu vya fikihi mara nyingi. Twazijua nguzo za kuuza, na sharti za muuzaji na mnunuzi, na namna za riba. Walakini yatupasa tukiri aibu yetu mbele yenu. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, aliyekuwa akiyajibu masala hayo bila ya kusita, alifungua kibanda cha mchele na mafuta. Kabla ya mwaka kwisha kibanda kikafungwa. Hakuiba wala hakupunja. Alikuwa akila katika rasilmali akidhani ni faida, na akikopesha jirani bila ya kuandika. Tulipomwuliza awadai watu kiasi gani, hakujua. Kosa hili si lake peke yake. Ni letu sisi, tuliomfundisha sharti za kuuza tusimfundishe kuuza.

Na hoja iko juu yetu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, haikuteremka kwa ajili ya Sala wala Hija. Imeteremka kuamrisha deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na wawepo mashahidi. Twaisoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, lakini daftari hatuna! Je, huku ndiko kuifuata Qur'ani?

Tena tutazame namna Mtume (s.a.w.) alivyofundisha. Abu Daud amepokea kwamba mtu katika Ansari alimwendea Mtume kuomba. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani kwake. Hakuwa na kitu ila nguo moja nzito na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo mbele ya watu mpaka vikafika dirhamu mbili. Akamwamrisha dirhamu moja anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka; kisha akaitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni auze, na asimwone kwa siku kumi na tano. Yule mtu alirudi ana dirhamu kumi. Wako wanazuoni waliosema juu ya isnadi ya Hadithi hii, lakini maana yake yatiliwa nguvu na Hadithi sahihi ya Bukhari, ya kuwa mtu kuchukua kamba yake akabeba kuni mgongoni ni bora kwake kuliko kuomba watu.

Zingatieni, ndugu zetu. Chakula kilitengwa na rasilmali. Chombo cha kazi kilinunuliwa. Muda uliwekwa, na baada ya muda palikuwa na kurudi kutoa hesabu. Hayo ndiyo mambo ya mwanzo ya elimu ambayo siku hizi huitwa ujasiriamali, na mwalimu wake wa kwanza kwetu hakuwa mgeni.

Ama ubunifu, wako wanaouogopa kwa kudhani kila jipya ni bidaa. Hili ni kosa kubwa. Bidaa tunayoikataza ni ya kuzidisha katika dini. Mambo ya kilimo na ufundi, Mtume mwenyewe aliwaambia watu wa Madina, katika habari ya kupandishia mitende iliyopokewa na Muslim, kuwa wao wayajua zaidi mambo ya dunia yao. Na katika mwaka wa 5 wa Hijria (627) alikubali shauri la Salman Al-Farisi la kuchimba handaki, jambo ambalo Waarabu hawakulizoea vitani.

Na mfano uko karibu nasi. Kando ya msitu wa Kakamega, wakulima wa chama cha Muliru walipanda mmea wa dawa wa jamii ya mrihani, wakasaidiwa na wataalamu kutoa mafuta yake, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Kinyume chake tumeona Mumias. Kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka 1973, na nyumba nyingi zikategemea zao moja na mnunuzi mmoja. Kilipolemewa na madeni, hata mwaka 2019 kikatiwa mkononi mwa msimamizi wa wadai, wakulima wengi walikuwa hawana lingine walilolijua.

Tusisahau pia kuwa Uislamu ulifika Mumias pamoja na wafanyabiashara wa pwani, katika zama za Nabongo Mumia, naye mwenyewe akasilimu. Dini ilikuja na watu wa mizani na ahadi. Itakuwaje leo watoto wa dini hiyo wawe watu wa kukaa vibarazani wakingojea kuajiriwa?

Kwa hivyo tumeazimia haya. Kila mwanafunzi, mvulana na msichana, awe na daftari, na aandike kila siku kilichoingia, kilichotoka na anachodai. Wasichana wasitengwe, kwani Bibi Khadija alikuwa mwenye mali, na Mtume alisafiri na biashara yake. Kila mmoja azunguke sokoni aulize watu wanakosa nini, kabla hajaamua atauza nini. Na wenye mali twawaomba wawape vijana rasilmali kwa njia ya mudharaba, faida igawanywe kwa mapatano, ili wasiangukie katika riba. Wenye maduka nao wawapokee wajifunze mizani ya haki.

Yule kijana amerudi darasani. Tumempa daftari, na safari hii tutaikagua pamoja naye kila mwezi.