Furaha Hupimwa kwa Ngazi Gani?

Kwa urefu, Kilimanjaro haina mpinzani Afrika: mita 5,895. Kwa furaha, Ripoti ya Furaha Duniani ya mwaka 2019 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156.

Ili kuipima furaha hiyo, mtu huulizwa awazie maisha yake kama ngazi, kisha ajipe alama kati ya 0 na 10.

Wazee wa Marangu, chini ya mlima huo, walimwona Thomas Marealle akiwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, wa Wachaga, wakaona cheo hicho kikifutwa mwaka 1960, kisha mwanajeshi Alexander Nyirenda akipandisha mwenge kileleni mwa Kilimanjaro kwa ajili ya Uhuru, Desemba 1961. Heshima ya kujitawala ipewe alama ngapi kwenye ngazi hiyo? Anayejipa alama ndogo huenda anadai zahanati na barabara, na kudai ni haki ya mtu huru. Serikali isiionee aibu nafasi hiyo ya 153. Imuulize mwananchi sababu.