Kati ya Pole na Samahani

Siku baba mdogo alipomgonga yule mtoto, mimi nilikuwa Dar es Salaam, chumbani hosteli, nasoma makala kuhusu dereva wa lori aliyemgonga mtoto. Sitanii. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, somo la falsafa ya maadili, na makala yenyewe ni ya Bernard Williams, Mwingereza, ya mwaka 1976. Ndani yake kuna dereva ambaye, bila kosa lake lolote, anamgonga mtoto. Williams hasemi dereva alibeba mzigo gani wala barabara ilikuwa ipi. Anachotaka tukione ni kwamba dereva huyo ataumia kwa namna tofauti na mtu aliyekaa pembeni yake, hata kama wote wawili waliona kitu kilekile kupitia kioo kilekile. Hisia hiyo tuiite majuto ya mtenda. Siyo hatia, maana kosa halipo. Wala siyo huzuni tu, maana huzuni hata mpita njia anayo.

Nilikuwa nimepigia mstari sehemu hiyo kwa kalamu ya kijani wakati mama aliponipigia simu kutoka Tunduma.

Tunduma ni mji wa malori. Shaba inashuka kutoka Zambia na Kongo, mafuta na mbolea vinapanda kutoka bandarini, zaidi ya kilomita 900, na vyote vinapita mlangoni kwetu. Kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019 foleni ilikuwa inafika Mpemba, na hata sasa zipo siku ambazo malori yanalala barabarani. Mama yangu ni mama ntilie. Madereva walikula kwake kwa mkopo, majina yao yakaandikwa kwenye daftari. Mimi nilijifunza kusoma kwa maandishi ya nyuma ya matela.

Mtaani kwetu hukosi dereva, utingo au wakala wa forodha katika kila nyumba, na madereva wote wanaijua sheria moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote: ukigonga mtu, usisimame. Endesha mpaka kituo cha polisi, ukajisalimishe. Ukishuka utachomwa pamoja na gari. Nikiwa mdogo niliona huo ni uoga. Baadaye nikakutana na miji ya makimbilio katika kitabu cha Yoshua, ambako aliyeua bila kukusudia alikimbilia kabla ndugu wa marehemu hawajamfikia, nikaona kwamba madereva wa Tunduma wamejijengea mji huo kwa kutumia vituo vya polisi.

Baba mdogo alitii sheria hiyo. Ilikuwa asubuhi, kijiji kimoja mbele ya Vwawa, ana shaba tela zima. Mtoto wa darasa la pili alichomoka upande wa kushoto akimkimbilia dada yake ng'ambo. Trafiki walipima barabara, wakakagua breki, wakahoji watu. Spidi 50, kama kibao kinavyosema. Hakuna kosa. Tajiri wake akampigia simu kumwonya asikanyage msibani: ukienda umekiri, bima itamalizana nao.

Nilipofika nyumbani likizo nilimkuta amekaa chini ya mparachichi, hajagusa usukani kwa mwezi mzima. Nilimwamkia, akaitika, kisha nikamwambia nilichokuwa nimekipanga kwenye basi tangu Dar.

"Baba, si kosa lako."

"Mama," akasema, maana huniita hivyo tangu nizaliwe, "hilo trafiki ameshaniambia."

Ningekuwa na akili ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimebeba zawadi ya pili, ya saikolojia. Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey walichapisha utafiti wao: unawapa watu kisa cha daktari anayeamua kumpasua mgonjwa, hatari inajulikana mapema, kila kitu ni kilekile isipokuwa mwisho. Wakiambiwa mgonjwa alikufa, watu wanauona uamuzi wa daktari kuwa mbaya zaidi kuliko wakiambiwa alipona. Semina nzima tuliliita hilo kosa la akili. Akili inayatazama matokeo, kisha inarudi nyuma kuupaka matope uamuzi ambao ulikuwa safi. Nikamweleza baba mdogo kwa lugha ya mtaani: mtoto angechelewa sekunde mbili, wewe ungefika Dar salama, ukala, ukalala, na usingekuwa mtu mwingine. Dereva ni yuleyule.

"Lakini hakuchelewa," akasema.

Huwa tunaanza somo la maadili na treni ya Philippa Foot, ya mwaka 1967, ile iliyokosa breki na lazima uchague iue watano au uikate kona iue mmoja. Darasani nilikuwa natania kwamba kwa mwendo wa TAZARA wote sita wangepata muda wa kushuka relini, wakaaga na ndugu. Lakini angalau kwenye treni ile kuna kuchagua. Baba mdogo hakupewa nafasi ya kuchagua. Alipewa sauti, akaniambia, sauti ndogo kuliko ya kukanyaga tuta.

Kilichomkalia ni neno. Alitaka kwenda kwa wazazi wa mtoto, na si tajiri aliyemzuia. Hakujua atasema nini.

"Nikisema pole, nitakuwa kama jirani tu aliyesikia habari. Nikisema samahani, nimejiita muuaji. Sasa niseme nini? Wewe ndiye msomi."

Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, ndiyo maana nilikuwa sijawahi kuliona pengo hilo katika vitabu vyangu. Sisi tumeyagawa. Pole ni ya kila mtu: unampa aliyejikwaa, aliyefiwa, hata anayetoka kazini. Samahani ni ya mkosaji. Dereva wa Williams anasimama katikati, na katikati hapana neno. Susan Wolf, Mmarekani aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 2001, anasema iko tabia njema ya mtu kuyabeba matokeo ya matendo yake kuliko lawama inavyomdai, na anakiri kwamba tabia hiyo haina jina. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Hata yeye.

Mwenzangu wa chumba anatoka Pemba. Aliniambia kwamba katika dini yake aliyeua kwa bahati mbaya hahesabiwi kama aliyekusudia, lakini bado ana deni: dia kwa jamaa wa marehemu na, siku hizi ambapo hapana mtumwa wa kuacha huru, kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo. Nilimsimulia baba mdogo, ambaye ni Mmoravian.

"Miezi miwili?"

"Mfululizo."

"Hiyo inafaa," akasema, kama mtu anayeulizia bei ya spea akaiona ni ya haki.

Usiku wa mwisho wa likizo yangu ndipo aliponieleza lingine. Siku ile alikuwa amelala saa tatu tu, kwa sababu ya foleni upande wa Nakonde. Spidi ilikuwa 50, hilo kweli. Lakini macho? Hajui. Pengine dereva aliyelala vizuri angeliona gauni la yule dada ng'ambo na kukisia kuna mwenzake. Pengine asingeona. Williams alianza na maneno "bila kosa lake", na mwalimu anaruhusiwa kuanza hivyo kwa sababu kisa ni chake. Baba mdogo hakuwa na wa kumpa maneno hayo. Trafiki walipima barabara. Usingizi hakuna aliyeupima. Mimi niliyafungua yale ya kwanza, "si kosa lako", nikaona nilikuwa nimeyasema hasa ili mazungumzo yaishe.

Tulienda miezi mitatu baada ya msiba, kwa basi, pamoja na mzee wa kanisa aliyetangulia kuwaomba. Tulibeba mchele, sukari na bahasha. Mama wa mtoto alikuwa anapepeta mahindi. Hatukuwa tumekaa bado baba mdogo aliposema, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

Hakusema pole. Hakusema samahani. Mama akaweka ungo chini.

"Ulishuka?" akauliza.

Mzee wa kanisa akataka kuingilia, baba mdogo akamzuia kwa mkono.

"Sikushuka, mama. Niliogopa. Hilo naomba unisamehe."

Hakujibu. Alimwita binti yake, yule wa ng'ambo ya barabara, akamtuma alete kiti kingine, maana mimi nilikuwa bado nimesimama.