Kizuri Chajiuza?



Likizo ndefu ikikaribia, wenzetu wanaosoma masoko huzunguka Kampala na bahasha mkononi wakitafuta ofisi ya kuwapokea kwa mafunzo ya vitendo. Na kila mwaka swali lile lile huzuka baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa tunavaa viatu: je, yafaa Muislamu kujinadi? Ofisini unaambiwa ujitangaze kama unavyotangaza sabuni. Nyumbani umelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mimi nimeacha kuitegemea methali hiyo, angalau kwa jambo hili. Ni methali ya sokoni, mahali ambapo nazi na mnunuzi wako uso kwa uso, naye anaweza kuitikisa asikie maji. Ujuzi wa mwanafunzi hauko juu ya meza ya mtu. Usipousema, nani atautikisa?

Wanaokataza hutaja sura An-Najm, aya ya 32, inayotukanya tusijitakase. Lakini aya hiyo hiyo inakumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ndiye amjuaye mchamungu. Kwa ufahamu wangu, kinachokemewa hapo ni mtu kujiandikia cheti cha uchamungu, kitu ambacho hakuna binadamu awezaye kukihakiki. Kazi ni jambo jingine. Nabii Yusuf (A.S.) alipoletwa mbele ya mfalme kutoka gerezani, aliomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, na katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake anajitaja kwa sifa mbili tu: ni mtunzaji, na ana ujuzi. Hakusema yeye ni mtoto wa Nabii Yaaqub. Hakugusia uzuri wake, ambao wanawake wa mji walikwishauzungumza vya kutosha. Alitaja yale mawili ambayo kazi iliyahitaji, na ambayo miaka ya ukame ingeyapima.

Kwa hiyo kusema “naweza kazi hii” si dhambi. Ugumu uko mahali pengine, na nitaueleza kwa aibu kwa sababu ulinikuta mimi.

Mwaka jana nilipokewa na kampuni moja ya matangazo. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na dada mmoja wa chuo kingine. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa Waislamu katika chumba kile, tukapewa tangazo la redio la unga wa ngano, la sekunde 30. Mimi nilileta mawazo ya kawaida: mwezi mwandamo, tende, adhana kwa mbali. Yeye akaandika kisa cha mama anayeonja chumvi ya mchuzi kwa macho, kwa sababu amefunga. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa chake. Mchango wangu ulikuwa kunyoosha Kiswahili chake mahali pawili.

Siku ya kikao, yeye aliona haya kusimama mbele ya wakubwa. Nikasimama mimi. Nilipomaliza, msimamizi akasema, “Kijana, una kipaji.” Nami nikajibu, “Alhamdulillah.”

Neno hilo moja limenisumbua kuliko uongo wowote niliowahi kusema. Sikudanganya, nilimshukuru Mola tu! Lakini kila aliyekuwamo alisikia nimekubali. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mtu anayejionyesha ameshiba kwa kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Mimi nilizivaa, nikaenda nazo hadi LinkedIn, nikaandika kwamba “niliongoza uandishi wa tangazo la Ramadhani”. Mafunzo yalipoisha palikuwa na nafasi moja ya kazi za muda. Niliitwa mimi.

Basi nimeona kwamba kujinadi ni aina ya ushahidi. Unatoa ushahidi juu ya nafsi yako, na ndani yake mara nyingi kuna haki ya mtu wa tatu ambaye hayupo kikaoni. Matangazo ni kazi ya kundi: kuna mwenye wazo, mwandishi, mchoraji, mwenye sauti, na aliyekimbia na boda boda kupeleka rekodi. Herufi chache zinazogeuza “tuliandika” kuwa “niliandika” zinaweza kumla mtu riziki yake.

Na ukimya nao hauna usalama nilioudhania. Yule dada alinyamaza kwa haya, na ukimya wake ulinifungulia mlango. Simlaumu, maana wajibu wa kusema “hili ni lake” ulikuwa wangu kabla haujawa wake. Bi Khadija (R.A.), baada ya ile safari ya Sham, alisikia habari za Mtume kutoka kwa Maysara aliyesafiri naye. Ni jambo la kawaida wenzetu kutusemea. Mimi nilikuwa Maysara wa dada yule, na nikajisemea mwenyewe.

Nimefuta ile “niliongoza”. Sasa pameandikwa: “Nilihariri Kiswahili cha tangazo moja la redio la sekunde 30 na kuliwasilisha kikaoni, wazo na maandishi ni ya mwenzangu.” Rafiki yangu mmoja aliisoma akacheka, akasema hakuna atakayeniajiri kwa sentensi kama hiyo. Huenda. Ila ni sentensi ninayoweza kuulizwa swali lolote juu yake nikajibu.

Kisha nikamwandikia msimamizi kumweleza. Alisoma, hakujibu. Dada yule naye nilimwandikia. Yeye alijibu usiku huo huo, akauliza kwa nini imenichukua miezi minne.