Kosa la Kuzaliwa Talai

Kimulot ni nchi ya chai na ya makanisa. Kabla ya makanisa kufika katika vilima hivi vya Konoin, ibada ya Mkipsigis ilikuwa mlangoni pake. Nje ya nyumba palisimama mabwaita, madhabahu ya matawi ya miti yaliyofungwa kwa sinendet, mmea utambaao. Alfajiri mzee alielekea jua linakochomoza, akamwomba Asis uzima wa watoto na mifugo. Hakuhitaji kasisi wa kumsemea.

Orgoiyot, ambaye serikali ya kikoloni ilimwita laiboni, alikuwa na kazi nyingine. Alitazama yajayo na kubariki vita, naye aliogopwa sawasawa na alivyoheshimiwa. Kimnyole arap Turukat wa Wanandi anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni weupe na nyoka wa chuma anayetoa moshi. Wanandi wenyewe walimuua mnamo 1890, wakimtwika lawama za maafa yaliyowapata. Mwanawe Koitalel arap Samoei akashika nafasi yake. Mwingine, Kipchomber arap Koilegen, akahamia kwa Wakipsigis. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kipchomber naye alihamishwa mwaka 1914.

Hao walikuwa viongozi, na dola huwaandama viongozi. Lililofanyika mwaka 1934 ni zito zaidi. Sheria ya kuwaondoa malaiboni iliukamata ukoo wote wa Talai, ukoo wa orgoiyot. Watu takriban 700, vikongwe na watoto wachanga wakiwamo, walitolewa kwenye nyanda za baridi wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria.

Hapa ndipo penye swali la imani. Maofisa walisema uwezo wa orgoiyot ni ushirikina mtupu. Kama ni hivyo, mtoto wa Talai anayenyonya alikuwa na hatari gani? Sheria ile ilikiri kilekile ilichokikana: kwamba nguvu ya utabiri imo damuni, nayo hurithiwa. Wakipsigis na Wanandi angalau walimpima orgoiyot kwa matendo yake, na hata kifo cha Kimnyole, kwa ukatili wake wote, kilitokana na jambo aliloshtakiwa mtu mmoja. Serikali haikumshtaki mtoto kwa lolote.

Hofu ya damu hiyo haikwisha Watalai waliporudishwa mwaka 1962. Walirudi bila ardhi, na wengi wakaishia kwenye vibanda mjini Kericho, huku majirani wakinong'ona kuhusu laana. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba walidhulumiwa, na mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mahakama inaweza kuamua fidia, lakini haiwezi kuondoa mnong'ono wa jirani. Kazi hiyo ni ya mimbari. Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa mwana kubebeshwa uovu wa babake, na Biblia hiyo imo mikononi mwa waumini wa Konoin kila Jumapili. Wahubiri wa Kimulot, Mogogosiek na Litein waifundishe sura hiyo waziwazi, wakilitaja jina la Talai, nao wazazi waache kuwakataza watoto wao kuoana na ukoo huo.