Mshipa Uliopanuliwa kwa Nguvu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jijini Paris, daktari wa upasuaji Alain Carpentier na wenzake walianza kutumia ateri ya mkono, ile tunayoishika tunapopima mapigo, kuipitishia damu njia mpya kwa wagonjwa ambao mishipa ya moyo wao imeziba. Wazo lilikuwa jema. Lakini haikupita miaka mingi, takribani theluthi moja ya ateri zile zikawa zimesinyaa au kuziba, na njia hiyo ikaachwa.

Dalili zilijionyesha mapema, tena pale pale mezani. Ateri hii ina ukuta mnene wa misuli. Ukiibana kwa koleo, ukiivuta au ikipata baridi, hujikaza papo hapo, na tundu lake likawa jembamba mno. Madaktari waliliona hilo. Dawa yao ikawa kupenyeza vyuma vyembamba ndani yake ili ipanuke. Ikapanuka kweli, wakaishona. Kumbe chuma kilikuwa kikichubua utando wa ndani, na ni utando huo unaoulegeza mshipa na kuzuia damu isigande humo. Ndugu zangu, tusiwalaumu. Moyo umesimamishwa, mashine inazunguka, dakika zinakwenda. Nani kati yetu, mimi nikiwemo, asingeshawishika kulazimisha?

Zaidi ya miaka 10 baadaye, picha zilionyesha kwamba baadhi ya ateri zile za zamani zilikuwa bado wazi. Christophe Acar na Carpentier wakairudia kazi, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo mazuri. Safari hii ateri ilitolewa pamoja na nyama na veni zinazoizunguka, ili yenyewe isishikwe. Vyuma viliwekwa kando, dawa za kulegeza mshipa zikachukua nafasi yake: papaverini kwa ateri, diltiazemu kwa mgonjwa.

Basi tuishike kwa upole, tuiloweke katika dawa iliyo vuguvugu. Tusiiunganishe na mshipa wa moyo uliosinyaa kidogo tu, kwa sababu damu ikiendelea kupita kwa wingi njia ya zamani, ateri mpya hukosa kazi na kujikaza. Na mgonjwa akishafika chumba cha uangalizi maalumu, presha ikashuka ghafla na mchoro wa umeme wa moyo ukabadilika, tufikirie mshipa uliojikaza kabla ya kuongeza tu noradrenalini, maana dawa hiyo nayo hukaza mishipa.